Droni inaona mtandao ambao mama wa dukani haupati

Kuna kipindi nilipata kibarua cha wiki tatu na jamaa wanaopima netiweki kwa gari, wenyewe wanaita draiv testi. Kazi yangu haikuwa ya kitaalamu kivile, nilikuwa nakaa siti ya nyuma na laptop mapajani, simu nne zimechomekwa chaji, naangalia tu zisizime na GPS isipotee. Tulikuwa Lushoto, ile milima ya Usambara ambayo barabara inazunguka mpaka tumbo linazunguka nayo, na mchana mmoja tukasimama kwenye duka la mama mmoja tununue maji. Shikamoo mama. Marahaba wanangu, mmetokea wapi? Tukamwambia sisi tunapima mtandao. Alicheka huyo mama, alicheka mpaka akaweka kitambaa chini. Akasema njooni basi niwaonyeshe mtandao wangu unapokaa.

Akatupeleka dirishani. Kwenye fremu ya dirisha kuna msumari, na kwenye msumari kitochi kimening'inia, kimevalishwa soksi ya mtoto na kufungwa kamba. Hapo tu ndo kinashika. Ukikisogeza hatua mbili kuja kaunta kimekufa, manake duka limeezekwa bati, ukuta wa tofali za kuchoma, na nyuma yake mlima. Sasa huyu mama ni wakala wa pesa, kwa hiyo mteja akija kutoa hela yeye anampa mgongo, anasimama dirishani anabonyeza simu ikiwa inaning'inia hivyohivyo, akimaliza anageuka kuhesabu noti. Jioni nilipofungua ramani yetu, kile kipande cha barabara mbele ya duka kilikuwa kijani safi. Simu ya kwenye gari ilisoma nguvu ya mtandao -96 pale nje, na kwa vigezo tulivyopewa -96 ni nzuri.

Nimeikumbuka hiyo soksi kwa sababu siku hizi kila nikisikia habari ya kupima mtandao naambiwa dawa ni droni. Yaani funga simu au kipokezi kwenye droni, irushe juu ya kijiji, inarudi na ramani, hamna tena habari ya gari kukwama kwenye tope. Mi droni nazipenda na nitasema chini zinafaa wapi, ila kwenye hili la kuchora ramani ya nani anapata mtandao na nani hapati, nina wasiwasi nazo, na wasiwasi wenyewe sio kwamba zinapima vibaya. Zinapima vizuri mno.

Tuanze na ramani yenyewe kwanza. Ile ramani ya rangi unayoiona kwenye tovuti za kampuni za simu, kijani 4G, njano 3G, watu wengi wanadhani kuna mtu alipita akapima. Hapana bwana, kwa sehemu kubwa imekokotolewa. Kompyuta inapewa mnara ulipo, urefu wake, nguvu ya antena, masafa, na umbo la ardhi, halafu inakisia mawimbi yatafika wapi. Umbo la ardhi lenyewe kwa kwetu huku mara nyingi linatoka kwenye data za wazi kama zile za chombo cha anga cha Endeavour cha Februari 2000, siku 11 kikazunguka dunia kinapiga rada, na kwa Afrika tulikaa miaka mingi na toleo la mita 90 mpaka 2014 ndo Wamarekani wakaachia la mita 30. Mita 30 maana yake kila nukta moja ya ramani inameza nyumba mbili tatu na migomba yake yote. Kabonde kembamba kenye kijito, hako kompyuta haikaoni vizuri, inakapiga wastani tu na ukingo wake, na mwisho wa siku watu wa bondeni wanapewa mtandao wa watu wa juu. Kwenye karatasi lakini.

Na usidhani ni shida ya huku kwetu tu. Marekani walikuwa na mfuko wa dola bilioni 4.53 wa kupeleka 4G vijijini, na kigezo cha nani anastahili kilikuwa ramani za kampuni zenyewe: penye mtandao tayari hapapewi hela. Malalamiko yakawa mengi, ndo FCC, wale wasimamizi wa mawasiliano wa kule, wakatuma watumishi wao na magari kwenye majimbo 12 kuhakiki. Desemba 2019 wakatoa ripoti, na katika vipimo vya barabarani ni asilimia 62.3 tu vilivyofikia ile spidi ya chini ambayo ramani iliahidi. Vingine vyote vikaanguka. Verizon, U.S. Cellular na T-Mobile walitajwa kwenye ripoti kwamba ramani zao zimetia chumvi, na ule mfuko ukaachwa ukatengenezwa mwingine. Kabla ya hapo, 2018, jimbo la Vermont lilishachoka kubishana kwa maneno, likamtuma mtumishi wake mmoja na simu sita kwenye gari akazunguka karibu maili 6,000 za vijijini anapima mwenyewe. Ninachokipenda kwenye hiyo habari ni kwamba ubishi wote wa mabilioni ulikuja kumalizwa na mtu aliyekaa kwenye gari.

Sasa gari nalo lina shida yake, na hapa watu wa droni wana hoja. Gari linapima barabara. Watu hawaishi barabarani. Huko milimani barabara inapita juu kwenye kingo, nyumba ziko mteremkoni chini, kwa hiyo gari linakusanya kijani tupu halafu anayekaa mita 200 chini ya barabara hana hata kijiti kimoja. Ukienda visiwa vya Ukerewe au delta ya Rufiji ndo kabisa, unapima nini kwa gari? Hapo mtu akikwambia droni unaona kabisa anaongea kitu.

Basi nikajaribu. Rafiki yangu ana droni ya kupigia picha mashamba, ana kibali chake cha TCAA, wale wa usafiri wa anga, na kila kitu, tukafunga simu moja chini yake kwa velkro, simu ina ile programu ya bure inayorekodi nguvu ya mtandao kila sekunde, tukaenda kwenye bonde moja ambalo tunalijua kwamba chini hapashiki. Chini kabisa, simu ikiwa mkononi, -118. Kwa asiyezijua hizi namba, ni za hasi, kwa hiyo ikizidi kushuka ndo mbaya, kwenye -80 unakula raha, -100 unavumilia, ukifika -115 ndo unaanza kutafuta msumari. Tukairusha. Mita 20 ikaanza kupanda, mita 40 ikavuka ukingo wa kilima, mita 60 ikasoma -84.

Kutoka -118 mpaka -84 ni desibeli 34. Inaonekana ndogo lakini kila desibeli 10 ni mara kumi, hivyo 34 ni kama mara 2,500. Yaani ndani ya mita 60, juu ya kichwa cha mtu yuleyule, nguvu ya mawimbi imepanda mara 2,500. Ukichukua hiyo -84 ukaiweka kwenye ramani unapata bonde la kijani kibichi, na mtu wa bondeni ataangalia ramani, ataangalia simu yake, atajua moja kati ya hivyo viwili inamdanganya.

Sababu sio ya ajabu. Mawimbi ya simu yanachoshwa na vitu vya chini: miti, kuta, bati, mgongo wa kilima, hata mwili wako mwenyewe ukiishika simu vibaya. Juu hamna kitu, yanasafiri kwenye uwazi, na kwenye uwazi ukiongeza umbali mara mbili unapoteza desibeli 6 tu. Kwa hiyo droni haiulizi swali ambalo mama wa dukani anauliza. Inauliza hivi angani hapa pana mawimbi? Na jibu karibu kila mahali ni ndiyo, yapo, tena ya kumwaga.

Halafu kuna kituko cha pili ambacho kilinichanganya kwelikweli. Tulivyoshusha droni tukaangalia rekodi, vijiti vimejaa lakini spidi ya kushusha data hamna kitu, afadhali hata pale barabarani. Na simu ilikuwa inahama minara kama mtu anayebadilisha daladala, dakika moja imeshika minara minne tofauti, mmoja uko tambarare huko upande wa Mkomazi, mbali kabisa. Nikadhani simu mbovu, kumbe hili linajulikana. Antena za minara zimeinamishwa chini kidogo kwa makusudi, zimulike watu, sio ndege. Juu ya mnara kinachofika ni mabaki ya pembeni ya mwale, na ukiwa juu unaona mabaki ya kila mnara kwa wakati mmoja, wote wanakupigia kelele, mtandao wako umezama kwenye kelele za majirani. Qualcomm, wale watengeneza chipu za simu, walifanya majaribio ya droni kwenye 4G kule San Diego, Marekani, wakatoa ripoti 2017, na picha yao ni hiyohiyo: juu mawimbi yana nguvu lakini muingiliano ni mkubwa. Mpaka wale wanaoandika viwango vya 4G duniani ilibidi waongeze mambo ya droni kwenye toleo lao la 15. Na FCC tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wana kanuni inayokataza simu za masafa ya megahezi 800 kutumika hewani, kwa sababu simu moja ikiwa juu inasumbua minara kibao ya chini. Kwa hiyo ukipima nguvu tu kwa droni unapata ramani nzuri kuliko ukweli, ukipima ubora tu unapata mbaya kuliko ukweli. Chagua uongo unaoutaka.

Na bado kuna upande ambao vijiti havionyeshi kabisa. Vijiti vinakwambia simu inausikia mnara vipi. Havikwambii mnara unaisikia simu vipi. Mnara unatoa wati makumi, simu yako ya 4G inatoa sehemu ya tano ya wati moja, yaani mmoja anatumia kipaza sauti cha msikitini mwingine ananong'ona. Ndo maana unakuta mtu ana vijiti viwili na meseji haitoki, anapandisha mkono juu kama anaomba ruhusa darasani. 2G nayo ina ukuta wake mwingine, kwa kawaida mnara haukubali simu iliyo zaidi ya kilomita 35, hata kama inausikia vizuri, kwa sababu ya hesabu za muda wa mawimbi kwenda na kurudi. Kwenye ziwa au ukingo wa mlima droni inaweza kuona mnara wa kilomita 40 ikauweka kwenye ramani, na hakuna binadamu atakayepiga simu kupitia ule mnara hata afanyeje.

Mtu ataniambia basi rusha chini, mita mbili tatu, usawa wa watu. Sawa, tupige hesabu. Droni ya mapanga manne kama ya rafiki yangu, ukiondoa kupaa na kutua na akiba ya kurudia, una dakika 20 za kazi. Ikienda mita 10 kwa sekunde inakupa kilomita 12 za mstari. Ukitaka mistari iwe mita 100 kutoka mmoja hadi mwingine, betri moja inakupa kilomita mraba 1.2. Kata yenye kilomita mraba 60, ambayo sio kubwa, ni betri 50, na hapo ni anga wazi, wakati usawa wa mita tatu kijijini kuna migomba, kamba za nguo, nyaya za umeme, watoto wanaokimbiza droni na ng'ombe wanaokimbizwa na droni. Sisi tulifanya betri nne siku nzima na moja nusura iishie kwenye mparachichi. Zile za mabawa kama ndege zinakaa hewani muda mrefu zaidi, ila hizo kuruka chini hivyo kati ya nyumba ndo kabisa hazifai.

Sasa mbona nimesema nazipenda? Kwa sababu kuna kazi ambazo droni inamzidi binadamu na gari, na kwa bahati mbaya sio hizo zinazopigiwa debe. Ya kwanza ni kuukagua mnara wenyewe. Unazungusha droni kwenye usawa wa antena, unapima kila upande, na ndani ya nusu saa unajua kama antena imegeuzwa na upepo, au fundi alichanganya nyaya akaunganisha ya upande huu kwenye upande ule, kosa ambalo mafundi wanalijua vizuri na wanacheka ukiwatajia. Bila droni ni mtu apande mita 45 na mkanda wa usalama, au kijiji kizima kikae na mtandao mbovu mpaka mtu mwenye sauti alalamike. Ya pili, kabla mnara haujajengwa. Rusha droni na kamera mpaka mita 40 pale unapotaka kuusimika, geuza kamera, unaona kwa macho kama bonde la pili linaonekana au limejificha nyuma ya mlima. Hii haitaki hata kupima mawimbi. Kama mlima umeziba kwenye picha, na mtandao wa simu utazibwa hivyohivyo, na kusogeza mnara mita 300 kwenye karatasi ni bure kabisa ukilinganisha na kuja kusimika wa pili.

Ya tatu ndo naipenda zaidi na haina mbwembwe: kurekebisha ile ramani ya ardhi. Zanzibar wameshaionyesha njia. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walipiga picha Unguja na Pemba kwa droni, kilomita mraba kama 2,400, picha ambayo unaona mpaka paa moja moja na mti mmoja mmoja. Haikufanywa kwa ajili ya simu, ilikuwa mambo ya ardhi na mipango. Lakini chukua data ya aina hiyo, yenye urefu wa kila paa na kila mnazi, ilishe ile kompyuta inayokisia, badala ya nukta za mita 30 za mwaka 2000, halafu ndo uhakiki kwa simu za kawaida mikononi mwa watu. Hapo droni inafanya kazi ya macho, na simu zinafanya kazi ya simu.

Najua hii haina mvuto. Vitu vinavyoruka vina mvuto. Kenya 2020 kulikuwa na yale maputo ya kurusha intaneti ya Loon, kampuni ya Alphabet wenye Google, pamoja na Telkom, kilomita 20 juu, kila mtu anaandika mapinduzi mapinduzi, Julai yakaanza huduma, Januari 2021 Alphabet wakatangaza wanafunga kwa sababu hesabu za biashara haziingii. Wahandisi wake walifanya kazi ya maana, siwabezi, ila nakumbuka tulivyoshangilia.

Swali la nani anapima na anapima wapi sio la kitaalamu peke yake, lina hela ndani. Mei 2023 Serikali ya Tanzania kupitia UCSAF, ule Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 kwenye kata 713. Kazi kubwa, na kuna watu leo wanapiga simu kwa sababu yake. Lakini gawanya hizo namba uone, ni kama mnara mmoja kwa kata. Kata ya tambarare Dodoma mnara mmoja unaweza kuumulika mbali. Kata ya Usambara ina mabonde manne matano na kila bonde lina giza lake, mnara ukisimama kwenye ukingo mmoja kata imeshahesabiwa ina mtandao, imetoka kwenye foleni, na wa bonde la nyuma wanabaki kuelezea kitu ambacho ramani inasema hakipo. Sasa wewe fikiria mwenye mnara ndo karusha droni, mita 60 juu, kaleta faili la maelfu ya nukta za kijani, zina GPS, zina saa, zina kila kitu. Mwenyekiti wa kitongoji atabishana nalo kwa kutumia nini? Kwa mdomo? Ramani ya kukisia unaweza kuibishia kwamba imekisia. Ramani iliyopimwa inanyamazisha watu, hata kama imepima sehemu ambayo hakuna mtu anaishi.

Kwa hiyo mi ningekuwa na sauti TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano wa kwetu, au UCSAF ningeomba vitu vya kawaida sana. Kila nukta iandikwe ilipimwa urefu gani kutoka ardhini, na iliyo juu ya mita mbili isipakwe rangi kwenye ramani ya wananchi, ikae kwenye ramani ya mafundi. Anayepimwa asiwe mpimaji. Data ghafi iwekwe wazi watu waichambue. Na kila droni inaporuka, chini yake kuwe na simu kadhaa za bei ndogo, vitochi vyetu hivihivi na simu janja za laki moja na nusu, ndani ya nyumba za bati, ili ijulikane tofauti ya juu na chini ni desibeli ngapi kwenye kijiji kile, sio kijiji cha San Diego.

Rafiki yangu na droni yake tumekubaliana tutarudi Lushoto kiangazi hiki, safari hii tukiwa na simu tano za kuacha majumbani siku mbili. Akaniuliza sasa tuziweke urefu gani, tusije tukaonekana tumechagua sehemu mbaya makusudi. Nikampigia mama wa dukani, ikaita mara mbili ikakata, mara ya tatu akapokea, nikamwomba achukue futi kamba apime kutoka sakafuni mpaka kwenye msumari. Mita moja na sentimita 62. Akaniuliza kama ang'oe ile soksi, nikamwambia mama usiiguse, iache hivyohivyo.